Mtu Aliyebebwa na Wilf Purvis

Kama umewahi kulewa katika baa yangu pale South Shields, Uingereza, karibu na lango la bandari, basi Wilf Purvis amewahi kukuinamia usoni na kukuuliza jina lako. Hakujali kama umelala chini ya meza au umekumbatia ndoo. Hakuruhusu mtu akuguse kabla hujajibu.

"Jina lako nani, kaka? Meli yako ipi?"

Wageni walidhani ni polisi. Vijana wa bandarini walimtania: "Wilf, huyu hata mama yake hamkumbuki, jina utalitoa wapi?" Yeye alisubiri tu, amepiga magoti, mpaka mlevi akatamka kitu. Mimi Peggy, mwenye baa, sikumcheka hata siku moja, kwa sababu yalipotokea yaliyotokea nilikuwepo.

Zamani Wilf alikuwa mtia makaa melini, pande la mtu, na kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kubeba walevi. Kwa mabaharia wetu hiyo ilikuwa sheria. Mwenzako akizidiwa na pombe unamtupa begani, unampandisha ngazi ya meli, unamlaza kitandani kwake, na ofisa akiuliza unajibu, "Yupo, amelala." Mtu aliyeachwa na meli alikatwa mshahara na kuharibikiwa jina. Kwa hiyo hata aliyekuchukia angekubeba.

Jioni moja ya Desemba ukungu ulikuwa umeshuka, humwoni aliye mbele yako. Baa imejaa, mabaharia wa mataifa yote, wote na makoti yaleyale mazito ya buluu. Matty Heslop, rafiki wa Wilf wa kufa na kuzikana, alikuwa amekunywa tangu mchana. Meli yao ilikuwa inaondoka maji yakijaa. Wilf, naye hakuwa mzima sana, akaingia chumba cha nyuma, akamkuta mtu amelala kwenye benchi, kofia imemfunika uso. Akamtupa begani.

"Huyu Matty siku moja ataniua mgongo," akaniambia akipita. Nikamfungulia mlango.

Asubuhi, meli ikiwa katikati ya bahari, kitanda cha Matty kilikuwa kitupu. Mlango wa sitaha ulikuwa wazi, na karibu na ukingo kulikuwa na kiatu kimoja. Waligeuza meli wakatafuta mpaka giza likaingia. Hawakuona kitu. Mama Heslop aliletewa habari akiwa anaanika nguo, na tangu siku hiyo akavaa nyeusi.

Meli iliporudi, tulimwombolezea Matty kwangu, Jumamosi mchana. Nilitoa mikate ya nyama ya nguruwe na njegere za kuponda. Kile kiatu kililetwa kikawekwa mezani mbele ya mama yake, maana hakukuwa na kingine cha kuzika. Wilf alikaa pembeni yake akilia waziwazi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Matty Heslop, gunia la viazi begani.

"Kafa nani?" akauliza.

Jagi lilinitoka mkononi. Mzee mmoja alianza kusali. Mama Heslop alimtazama mwanawe kuanzia juu hadi chini, akainuka, akashika kile kiatu na kuanza kumpiga nacho kichwani.

"Mbwa we! Nimekuvalia nyeusi! Nimeuza saa ya baba yako nikulipie misa!"

"Mama, polepole! Mama, nisikilize!"

Habari yenyewe ikatoka kidogokidogo. Alikuwa ametoka nyuma kujisaidia, akakutana na binti wa duka la samaki wa kukaanga, akamfuata kwao, akalala fofofo. Alipozinduka meli ilikuwa imekwenda. Kwa kumwogopa mama yake akakimbilia kwa shangazi yake shambani, akawa anachimba viazi, kwenye nyumba ambayo haina redio wala gazeti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwaga ramu ya bure, jambo ambalo silifanyi.

Kisha Matty akakiokota kiatu akakigeuza. "Sasa na hiki cha nani? Mguu wangu mdogo, mnaujua. Humu naingia na miguu yote miwili."

Kicheko kikakatika. Wilf bado alikuwa na tabasamu usoni, na niliona linavyomtoka.

"Kama wewe ulikuwa kwa muuza samaki," akasema taratibu, "mimi nilimbeba nani?"

Hapo nikakumbuka begi. Mabaharia huniachia mabegi yao nyuma ya kaunta, na sheria yangu ni moja: begi la mtu halifunguliwi, hata lianze kunuka. Lilikuwepo moja ambalo mwenyewe hakulirudia. Nililishusha nikalifungua mbele ya wote. Lilikuwa na wembe, kopo la kahawa, kanzu ndogo ya mtoto wa kike yenye maua, na glavu za sufu zilizofumwa ndege wenye shingo zilizopinda. Hakukuwa na jina popote.

Polisi waliandika maelezo. Walisema hakuna aliyeripoti kupotelewa na mtu. Jambo likaishia hapo kwa kila mtu, isipokuwa Wilf. Hakupanda meli tena. Akapata kazi ya kufagia gati, na kila jioni akaja kwangu, akanywa chai, akauliza walevi majina.

"Peg, zitundike zile glavu juu ya kaunta."

"Hapa si duka la nguo, Wilf."

"Zitundike. Kuna mtu alizifuma."

Nikazitundika kati ya chupa. Miaka ikapita, zikawa nyeusi kwa moshi wa sigara. Matty alimwoa yule binti wa samaki, wakazaa. Glavu zikabaki palepale, na mimi nilishazoea kuzipangusa vumbi.

Siku moja baharia wa Norwei aitwaye Oddvar, mteja wangu mpya, aliinua glasi, akaona glavu, akairudisha chini bila kunywa.

"Mama, hizi umezitoa wapi?"

Nikamwambia zimesahauliwa. Akatikisa kichwa. "Ndege wa hivi hufumwa na mtu mmoja tu kisiwani kwetu. Ragnhild. Mumewe, Torleif, aliitoroka meli hapahapa Shields. Tunasikia alipata mwanamke wa Kiingereza."

Wilf alikuwa amesimama na ufagio wake mlangoni. Alisikia kila neno.

"Mlete," akasema. "Tafadhali, ndugu yangu. Mlete huyo mama."

Ragnhild alikuja majira ya kuchipua kwa maua, na meli ya Oddvar. Mwanamke mrefu, mikono mikavu ya kazi, hakukubali hata chai. Nilimwekea mezani begi, glavu na kiatu. Alikigusa kiatu akakiondolea mkono haraka. Kanzu ndogo hakuigusa kabisa.

"Anauliza nani alimwona mwisho," Oddvar akatafsiri.

Wilf akasogea mbele, kofia mkononi. "Mimi nilimbeba. Nilidhani ni rafiki yangu." Kisha akasema jambo ambalo hata mimi, miaka yote ile, sikuwa nimeambiwa. "Mwambie hakuwa amelala. Tulipofika kwenye ngazi alizinduka. Alinipiga ngumi mgongoni. Alipiga kelele kwa lugha yake, sikuelewa hata neno. Mimi nikacheka. Nikamwambia, tulia, Matty, kesho utanishukuru."

Nikakaa juu ya kreti ya bia. Oddvar alisitasita, lakini akatafsiri. Ragnhild alimzaba Wilf kibao ambacho kilisikika mpaka barabarani. Wilf hakujikinga.

Kisha mwanamke akauliza kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza, alipokuwa anapiga kelele, alikuwa anaonyesha wapi?"

"Kule gati la pili," Wilf akasema. "Kulikuwa na meli nyingine inawasha taa. Alinyoosha mkono kule muda wote."

"Hiyo ilikuwa meli yetu," Oddvar akasema, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa lugha yao. "Ilikuwa inarudi nyumbani kwa Krismasi."

Ragnhild akaketi. Akaichukua ile kanzu ya maua, akaipima hewani kwa mikono yake, kimo cha mtoto wa miaka minne. Alisema maneno machache, na Oddvar alichelewa kuyatafsiri.

"Anasema binti yake sasa ni mkubwa. Anasema yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumchukia baba yake."