Boga la Futari

Boga bichi likikatwa lina harufu yake, ya majani na udongo uliorowa, na mshumaa ukiwashwa ndani yake harufu hiyo hugeuka ikawa tamu na ya kuungua. Mwaka huu niliisikia nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Qurum hapa Maskati, mjukuu wangu akichonga boga macho na meno kwa sherehe ya Halloween. Wakubwa wakanuna, wakauliza mambo gani haya ya kigeni. Nikawaambia wasinichekeshe. Mimi nilichonga boga Maskati nikiwa na miaka tisa, wala hakuna mgeni aliyenifundisha.

Tulikuwa na mwaka mmoja tangu tutoke Unguja, mimi na mama tu. Baba alikuwa Kuwait akitafuta kazi. Tulipanga chumba kimoja ndani ya ukuta wa mji. Siku hizo ngoma ya usiku ikishapigwa lango lilifungwa, na kila anayepita vichochoroni ilimlazimu awe na kandili mkononi. Asiye nayo alilala ndani kwa askari. Sisi tulikuwa na kandili moja, na mama aliihitaji kushonea kofia za watu, ndiyo riziki yetu. Yeye mwenyewe hakutoka ila kwa dharura. Unguja alikuwa na nyumba ya ghorofa. Hapa aliona haya hata kuonekana akichota maji.

Ikafika nusu ya Ramadhani, usiku wa qaranqasho, watoto wanapopita mlango kwa mlango wakiimba na kupewa halwa na njugu. Zuwena, mtoto wa jirani, akaniambia mbele ya wenzake kwamba Wazanzibari wasio na kandili wakae kwao. Wote wakacheka. Niliumia, kisha nikapandwa na hasira.

Mama alikuwa na boga alilolificha kwa futari, akingoja nazi ipatikane alipike boga la nazi kama la kwetu. Nikalikata kifuniko, nikalikomba kwa kijiko mpaka mkono ukaniuma, nikalitoboa macho mawili na mdomo wenye meno, nikalifunga kamba, nikapachika kipande cha mshumaa.

"Yaa Rabbi! Boga la futari!" mama alisema. "Na macho umelitia!"

"Nnataka kwenda na wenzangu."

"Watakucheka, mwanangu."

"Wanancheka kila siku."

Akazoa nyama ya boga akaitia sufuriani.

Sikufika mbali. Mwisho wa kichochoro chetu askari wa zamu aliwapisha wenzangu na kandili zao, mimi akanizuia. Amri inasema kandili, alisema, na hicho ni chakula. Akaupuliza mshumaa. Nikarudi nyumbani, nikauwasha, nikaenda tena. Akaupuliza tena. Niliporudi mara ya pili nilikuwa nalia kwa ghadhabu. Mama akaweka sindano, akavaa buibui, akachukua kandili, akanifuata.

Askari alipomwona alifurahi. Akasema mambo sasa yamekaa sawa, mama ana kandili, mtoto alitupe boga lake. Mama aliuwasha mshumaa wangu kwa moto wa kandili yake, kisha akainua kioo cha chemni akaipuliza kandili, ikazima.

"Mwanangu ana taa, inawaka, iko mkononi," alisema kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Mimi ndiye sina. Ukitaka mtu wa kumfunga, nifunge mimi."

Askari alilitazama boga na meno yake, akamtazama mama. Akasogea pembeni.

Tukawakuta wenzangu kwenye mlango wa tatu. Niliimba vibaya, kwa sauti kubwa kuliko wote, mama amesimama nyuma yangu uso wazi mbele ya mji mzima. Zuwena aliomba alishike boga kidogo tu. Nikamkatalia, na mpaka leo sijutii.

Kwa miaka mingi nilidhani mama alizima kandili kuokoa mafuta. Nilishakuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba alijitia yeye mikononi mwa askari ili boga langu lihesabiwe taa. Katika mji ule hatukuwa na ndugu, wala jirani wa kwenda kumwombea mtu kwa askari, na angefungwa yeye ningebaki peke yangu. Mama aliyajua yote hayo alipoinama kupuliza.