Diski ya Mwalimu Waithaka

Watu wa mtaa wa Section 58 walimjua Kibii kama fundi asiyezungusha maneno. Ukimpelekea kompyuta aliifungua mbele yako na kukuonyesha kilichoharibika. Kama hakujua, alisema hajui. Mafundi wenzake walikuwa wepesi wa kusingizia umeme, naye aliona hiyo ni namna nyingine ya kuiba.

Aprili 2008, Avni, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Nakuru, alimwita amwekee diski ya pili. Kompyuta yake ilikuwa imejaa. Diski mpya ilikuwa ya kampuni ileile na ukubwa uleule kama ya zamani. Mpya iendeshe mashine, ya zamani ihifadhi kazi za wateja. Ndani ya hiyo ya zamani mlikuwa na vyeti vya mwalimu Waithaka, ambavyo Avni alivipiga skani mwaka uliopita. Vyeti vyenyewe viliungua Januari, katika ghasia za baada ya uchaguzi, pamoja na nyumba yake, upande wa Rongai. Sasa shule moja ilikuwa tayari kumpa kazi, ila ilitaka nakala Jumatatu, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameketi dukani, akingoja, miguuni viatu vya kuazima.

Siku zote Kibii alichomoa kwanza diski yenye kazi za watu, ndipo akaigusa mpya. Siku hiyo alimhurumia mwalimu, akaharakisha. Alipachika jampa, vile vibanio vidogo vinavyoiambia kompyuta diski ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili, akaziunga zote mbili kwenye mkanda mmoja wa nyaya, akaanza kuweka Windows. Skrini ikaonyesha diski mbili zilizofanana. Akafuta ya kwanza, akidhani ndiyo mpya. Alipoitazama iliyobaki, akaona ni tupu. Jampa alikuwa amezipishanisha.

Akachomoa waya ukutani.

Uongo ulikuwa karibu sana: diski kuukuu hufa kila siku, na hakuna ambaye angebisha. Ukweli ndio ulikuwa na hatari. Kibii ni Mkalenjin, Waithaka ni Mkikuyu, makabila yaliyopigana katika ghasia zile, na miezi ile jina la mtu lilitosha kumhukumu. Kuungama ni rahisi mahali unapoaminika. Kibii hakuwa mahali hapo.

“Mwalimu,” akasema, “vyeti vyako nimevifuta. Diski haina kosa. Ni mimi.”

Avni akashika kichwa. Waithaka akamgeukia fundi.

“Ungeniambia imekufa.”

“Ningeweza.”

“Na mimi ningeamini.”

“Najua, mwalimu.”

Waithaka akasema kwa ukali, “Basi tafuta.”

Kibii akawaeleza kwamba kilichofutika ni orodha tu. Picha zenyewe zilikuwa bado ndani, mradi kitu kingine kisiandikwe juu yake. Akaipeleka diski kwenye kibanda chake, akaiunga kama diski ya pili katika mashine yake ili isomwe tu, isiandikwe. Akamtaka Avni aje aketi kando, kwa kuwa mafaili yale ni siri za wateja wake, na mwalimu naye ashuhudie kila hatua. Jumamosi kutwa picha zilirudi bila majina, maelfu: mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, hati za viwanja.

Saa tisa alasiri cheti cha chuo cha ualimu kikatokea, kizima. Cha kidato cha nne kilirudi nusu, chini kijivu kitupu.

“Hapo ndipo palikuwa na alama zangu za hesabu,” Waithaka akasema. “Afadhali wasipaone.”

Ilikuwa mara ya kwanza Avni kumsikia akicheka tangu Januari.

Hata hivyo shule ilimpokea. Wiki mbili baadaye alirudi kwa Kibii na tarishi wa shule, wamebeba kompyuta ya mwalimu mkuu iliyogoma kuwaka. Yule tarishi akataka kujua kwa nini wamewapita mafundi wote wa mjini.

“Huyu akikosea,” Waithaka akamjibu, “atakuambia.”

Kibii alikuwa tayari ameshika bisibisi.