Shule Waliyoichora Ndani ya Laga

Niliondoka nyumbani, nje kidogo ya Lodwar, kwa sababu ya shule ambayo ilikuwa haijajengwa. Wataalamu wa Toronto walikuwa wametuchorea kijiji kipya cha kustahimili jangwa: nyumba, zahanati, umeme wa jua. Shule wakaiweka katikati ya laga, mto wetu mkavu, ambao mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla na kubeba kila kitu. Katika picha za angani laga huonekana kama uwanja mtupu. Mimi, Akiru, fundi wa nyumba za udongo, niliwaandikia barua tatu. Walinijibu mara moja tu: njoo utoe shukrani mbele ya wafadhili.

Nikaenda, lakini si kwa shukrani.

Jumatatu nilipanda ndege hadi Nairobi, na kutoka hapo safari ndefu ya kuvuka bahari. Njia nzima nilikuwa na ramani yao magotini. Kila nyumba ilikuwa na dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi. Yeyote aliyewahi kukaa kwetu saa kumi jioni asingechora hivyo.

Jumanne jioni nilifika Rexdale, mtaa wa pembeni mwa Toronto, kulala kwa Mama Wambui, Mkenya anayefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa Julai. Chumba chake, ghorofa ya kumi na moja, kilikuwa na joto la tanuri, na kioo cha dirisha amekibandika karatasi za jikoni za kung'aa.

"Jua la jioni linatupika humu," alisema. "Tumelalamika mpaka tumechoka, dadangu."

Nilikasirika upya. Watu wanapikwa katika mji wao wenyewe, na kosa lile lile linapakiwa kuletwa kwetu!

Asubuhi iliyofuata nilishika basi la kwenda kituo cha Kipling, kisha treni ya chini ya ardhi. Ofisini nilipokewa na Bwana Nizar, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, aliyepangiwa kunitafsiria. Kiswahili chake kilikuwa safi na cha upole. Mkuu wa mradi, mama mmoja mrefu, aliniomba niseme machache.

"Mmewachorea watoto wetu kaburi," nikasema. "Laga hiyo ilimchukua mdogo wangu, Erot, akivusha mbuzi. Tulimpata siku ya tatu."

Kiingereza nakielewa zaidi kuliko ninavyokizungumza. Nilimsikia Bwana Nizar akieleza kwamba mgeni anafurahia shule, ila ana pendekezo dogo kuhusu mahali.

Nilipiga meza kwa kiganja. "Bwana Nizar, sikusema hivyo. Sema nilivyosema."

"Dada, hapa watu hawazungumzi namna hiyo."

"Na kwetu watoto waliozama hawarudi."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema yote: kaburi, Erot, siku ya tatu. Mkuu aliuliza kwa nini sikuwaandikia. Nikajibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba niliandika mara tatu. Faili likaletwa. Barua zangu zilikuwamo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na bahasha mbili hazijafunguliwa.

Mchana huo wafadhili hawakupata shukrani. Niliwasimulia kuhusu laga na madirisha ya magharibi, na Bwana Nizar hakupunguza neno. Mkuu akaahidi kusitisha ujenzi wa shule mpaka aje aone. Kuhusu madirisha, alisema tutayajadili baadaye.

Nilirudi nyumbani wiki ile ile. Nilipowasimulia majirani, nilijilaumu pia: miaka miwili tuliwakaribisha wajumbe wa mradi, waliokuja asubuhi na kuondoka kabla ya jua kali, tukawatabasamia, tukaridhika wakiondoka wamefurahi. Nilichojifunza Toronto ni kwamba aliye mbali hasikii unachokificha kwa adabu. Mwambie jambo lenyewe, na uhakikishe limefika.

Mwezi uliofuata mkuu alikuja. Saa nane mchana nilimtembeza ndani ya laga kwa miguu. Hakuomba radhi, nami sikumwomba aombe. Tulipofika chini ya mgunga mmoja, nilimwambia atazame juu. Gogo zima la mti lilikuwa limekwama matawini, juu sana ya kichwa chake.

"Nani aliliweka pale?" aliuliza.

"Maji."

Akaikunjua ramani kwenye mchanga, akapiga magoti, na kuikata shule kwa kalamu yake mwenyewe.