Nilimsifia Shemeji Ili Himalaya Imuumbue

Nimekosa. Naanza hapo hapo ili usinihurumie kabla hujasikia. Sikumpiga mtu, sikumtilia sumu, wala sikwenda kwa mganga. Nilimsifia tu! Ila nilimsifia nikijua ninachofanya, na ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mtu wa Marangu, dereva wa nyumba ya tajiri mmoja hapa Dubai. Kabla ya usukani nilikuwa kiongozi wa wageni Mlima Kilimanjaro, miaka kumi na mitatu. Jamani, kazi ile niliipenda! Aliyenitoa kule ni mume wa dada yangu, nitamwita Eli. Kwa miaka minane nimelala naye na kuamka naye moyoni, na sikuwahi kumtakia mema hata siku moja.

Sikiliza alichonifanyia, kisha uniambie kama wewe ungesahau.

Tulikuwa na wageni sita, mimi kiongozi, yeye msaidizi wangu. Tulipofika kambi ya mwisho kabla ya kilele, Eli akaanza kukohoa. Saa tisa alasiri akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Nikamwekea sikio mgongoni, nikasikia kifua kinatokota. Mapafu yalikuwa yameingia maji! Mtu wa hivyo dawa yake ya kwanza ni kumshusha, na umshushe haraka. Nikawaacha wageni wamelala mahemani, nikawaagiza wasaidizi wengine wawashushe wakiamka, nikambeba mgongoni. Njiani niliteleza kwenye mawe, goti langu la kulia likapinda hadi nikalia kwa sauti. Niliinuka nikaendelea naye. Goti lile halijapanda mlima tena, na hata ngazi linazigombeza.

Tulipofika chini, pumzi ikamrudia. Wagonjwa wa aina ile hupata nafuu upesi wakishuka. Akanishika mkono. "Shemeji, nakuomba kwa jina la dada yako. Ofisini wakijua kifua changu kinakataa juu, nimekwisha. Sema tulishuka kwa sababu ya hali ya hewa."

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikakubali. Mpumbavu mimi! Nikaenda ofisini nikasema hali ya hewa.

Wageni walikuwa wamewaka kwa hasira kwa kukosa kilele, na bosi hakuniamini. Akamwita Eli athibitishe. Unajua alisema nini? Alisema hali ya hewa ilikuwa shwari, ila shemeji yake alikuwa ananuka pombe ya mbege, akaingiwa na woga, akalazimisha wote washuke. Aliyasema mbele yangu, ameinamisha macho! Sikuweza kubadili maneno, maana ningeonekana mwongo mara mbili. Nikafukuzwa, na kampuni nyingine zikapashana habari. Yeye akapewa nafasi yangu, akawa anapanda kwa kujiiba, na siku akihisi kifua kinabana anajifanya tumbo linamsumbua. Shukrani ya punda mateke, wahenga hawakukosea.

Hata dada yangu alinipigia akaniambia niache pombe. Niache pombe! Mimi niliyembeba mumewe!

Ndivyo nilivyokuja Dubai. Tajiri wangu tunamwita Sir. Wazee wake ni Wazanzibari waliohamia huku zamani, wana villa Al Twar, na nyumbani kwao Kiswahili hakijafa. Ni mtu mwema, lakini akitamani jambo analitaka leo leo. Mwaka jana akatamani milima. Yeye na marafiki zake wanne wakaamua kwenda Nepali kupanda kilele kimoja cha Himalaya ambacho Kilimanjaro ukiuweka pembeni unaonekana kilima. Waongozaji wa kule walishapatikana. Sir alitaka tu mtu mmoja wa upande wake, anayejua lugha yake, wa kumwangalia kambini na kumwambia ukweli akizidiwa.

Tulikuwa kwenye foleni ya asubuhi aliponiuliza.

"Hebu nambie, wewe si mtu wa Kilimanjaro? Huna mtu wa kwenu, mlima aujue barabara?"

Ningejitaja mimi kama si goti. Jina la Eli lilinitoka kabla sijalifikiria. Halafu nikalifikiria, na likaninogea.

"Yupo shemeji yangu, Sir."

"Huyo shemegi yako hajapata kuumwa huko juu? Skiza, mie sitaki mtu wa kubebwa. Nisije nikatiwa aibu mbele za watu wallahi."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa. Ningesema neno moja tu, lingefunga. Badala yake nilimtazama kwenye kioo cha dereva nikasema, "Hajawahi kuumwa hata kichwa, Sir. Yule ni chuma."

"Khalas. Mlete."

Sikutaka afe. Naapa! Au niseme ukweli wote, sikutaka kujiuliza kama atakufa. Nilijua kwamba mtu ambaye mapafu yake yamewahi kujaa maji ni rahisi kujaa tena, na kule ni juu zaidi. Nilichokiona akilini ni Eli akikohoa mbele ya matajiri, Eli akishushwa mgongoni kwa mtu, Eli akirudi nyumbani jina lake limeoza kama langu. Nilikuwa naendesha gari huku natabasamu peke yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tangu nifukuzwe.

Akaja. Alikaa kwangu Discovery Gardens wiki mbili, kwenye chumba tunachokaa watu watano. Nilimpa kitanda changu, mimi nikatandika godoro chini. Nilimpikia ndizi. Nilimfulia hata soksi! Mkenya mmoja wa chumbani akanitania, "Buda, shemeji unampea hadi kitanda? Hii mapenzi yenu ni noma!" Tukacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda. Mtu anayenenepesha ng'ombe wa sikukuu haoni hasara ya majani.

Kila asubuhi Sir na wenzake walipanda ngazi za jengo moja refu, migongoni wamebeba mifuko ya mchele, na Eli anawahesabia pumzi. Dubai iko usawa wa bahari, kifua kilikuwa safi kabisa. Wale matajiri walimpenda. Siku fomu za afya zilipoletwa, palikuwa na swali: umewahi kuugua kwa sababu ya urefu wa mlima? Eli akainua macho akanitazama. Mimi nikajitia nakoroga chai. Akaandika hapana.

Sasa njoo kwenye kosa langu lenyewe, maana yote hayo ungeweza kuyaita ulimi tu.

Siku moja kabla ya safari tulikuwa gereji ya Sir, tunapima mabegi, kamba na majaketi. Sir alikuwa ndani na mama yake. Eli akafungua mkoba wake mdogo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kabla hajakifungua nilishajua.

Lilikuwa jani la sale.

Kwa asiye Mchaga nieleze. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Aliyekukosea akikuletea jani lake, amekuja kuomba msamaha, na hukatai. Hata kama alimuua ndugu yako, hukatai. Anayelipokea jani kwa mkono huku moyoni ameshika kisu, huyo kwetu hana hata jina la kumwita.

Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya gereji, mtu mzima na ndevu zake.

"Shemeji, nilikuuza. Hili nimelikata mpakani kwa mama, nimeshinda nalo wiki mbili nashindwa kulitoa. Na wewe umenipa kitanda chako! Nikirudi naenda ofisini kusema ukweli, na dada yako nitamwambia. Nisamehe."

Machozi yalimtoka. Mimi nilisikia nini? Nilisikia hasira! Miaka minane nimeitwa mlevi, leo ananiletea jani! Nilitaka kumrushia usoni. Lakini sale hairushwi. Nikanyoosha mkono nikapokea.

"Yameisha," nikasema.

Hayakuwa yameisha. Naye akainuka, akajifuta uso, akaniuliza swali ambalo nalisikia hadi sasa nikiwa naendesha.

"Basi nishauri kama kaka. Kifua changu unakijua wewe peke yako. Unaonaje, nimwambie Sir nibaki kambi ya chini tu? Mimi hata hiyo inanitosha."

Nisikilize vizuri. Mtu ameshakupigia magoti, umeshapokea, anaweka uhai wake mkononi mwako na kukuuliza afanye nini. Jibu lilikuwa rahisi. Mwambie. Baki chini. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua!

Nikamjibu, "Ile ilikuwa zamani, mwili umeshazoea. Ukimwambia leo atakuona tapeli, na mimi niliyekuleta atanirudisha kwetu. Panda tu."

"Kweli, shemeji?"

"Kweli. Yalla, tufunge mabegi."

Kesho yake niliwapeleka uwanja wa ndege. Walipiga picha na bendera, wanacheka, wake zao wamewaletea tende. Eli alinikumbatia kwa nguvu akasema, "Niombee." Nikasema nitamwombea. Nilirudi na gari tupu, nimefungulia redio, naimba.

Siku zilizofuata nilikuwa nafungua simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alinitumia picha za madaraja ya kamba, za milima mieupe, za yeye na Sir wamevaa miwani. Nilizitazama nikamwambia moyoni, subiri, bado kidogo. Zikapita siku mbili hajatuma kitu. Nikafurahi! Mungu ananiona, nilifurahi. Nikajua kazi imeanza.

Kilichotokea niliambiwa baadaye. Alianza kukohoa kambi ya pili akaficha, kama alivyozoea, akasema ni vumbi. Wakapanda tena, naye akapanda. Alipoanza kutoa povu lenye damu, Mnepali mmoja alimchukua mgongoni akashuka naye saa moja na nusu kwenye theluji. Walimvalisha oksijeni, wakaita helikopta. Mawingu yalifunga bonde, helikopta haikuweza kuruka. Alikufa kabla ya adhuhuri, mkono wake umeshikwa na Sir.

Sir aliacha kilele akarudi na maiti. Nilimpokea mimi. Uso wa Sir ulikuwa umeungua kwa jua, midomo imepasuka. Tulipofika Al Twar nikazima gari, nikasubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze! Nilitaka anipige, aniite muuaji, anipeleke polisi. Badala yake akaniwekea mkono begani.

"Nilimuuliza, bado anaweza kusema," akasema. "Nikamwambia, mbona shemegi yako kanambia hujapata kuumwa? Akanambia, 'Shemeji hajui. Nilimficha na yeye.' Karejea mara mbili, 'Hajui, Sir, usimlaumu.' Basi nawe usijilaumu, ndugu yangu. Ilikuwa ajali yake."

Unaelewa alichofanya? Alijua! Alijua niliyajua yote, na jibu langu la gereji lilikuwa bado masikioni mwake. Pumzi aliyobaki nayo ilikuwa ya kuhesabu, akaitumia kunidanganyia mimi. Uongo wake wa kwanza ulinitoa kazini, huu wa pili umenibakiza kazini. Na mimi, nilipopewa nafasi ya kusema "Sir, sivyo," nilisema nini? Nilisema, "Ahsante, Sir."

Dada yangu alipiga simu kesho yake. Nilidhani amepiga kulia. Alilia, ndiyo, lakini kwanza alinishukuru. "Kaka, Eli aliniambia kila kitu siku ile mkiwa gereji, alinipigia baada ya kuongea na wewe. Kumbe hukuwa mlevi. Nisamehe na mimi. Aliniambia umempokelea sale, alikuwa na furaha sijawahi kumsikia hivyo." Akanipa mtoto wake aniamkie, yule aliyekuwa tumboni wakati ule. "Shikamoo, mjomba." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Jina langu limesafishwa nyumbani. Ndicho nilichokililia miaka minane, sasa ninacho, na sina pa kukipeleka!

Hata kisasi changu Eli kanipokonya. Asubuhi hasira inaniamsha kwa mazoea, namtafuta wa kumkasirikia, simpati. Siku nyingine bado namchukia, nasema kwa nini hakunisema kwa Sir, kwa nini aliamua kuwa bora kuliko mimi dakika ya mwisho. Halafu nasikia aibu kwa kufikiria hivyo, kisha nafikiria tena. Sijamwambia dada. Sijamwambia Sir. Nimewaambia nyinyi msionijua kwa sababu ni rahisi, na najua ni woga.

Wewe unayesoma na una mtu wako umemweka moyoni, unamngojea aingie mahali pabaya, nakuomba. Mwendee. Mtukane, mfokee, mpeleke kwa wazee, mnunie mwaka mzima ukitaka. Akija kuomba msamaha na huna wa kumpa, mwambie wazi kwamba huna, aondoke akijua. Usimpe mkono huku umeficha jambo, na akikuuliza njia usimwonyeshe shimo. Gombaneni mkiwa bado wawili. Mimi nina maneno ya miaka minane kifuani, makali yote, na aliyestahili kuyasikia tumeshamzika.