Mguu wa Nne wa Kitanda

"Kitanda hiki kitawazika nyote mliomo humu!"

Mjomba wangu, seremala, aliyasema hayo kwenye harusi ya binti yake, akimzawadia kitanda alichokichonga mwenyewe, kipaza sauti mkononi, mbele ya wakwe. Watu walipiga makofi kwa tahadhari.

Haukupita mwaka, binti akampigia simu kwa sauti ya chini.

"Baba, kitanda chako kinamwaga unga. Nafagia kila asubuhi, mama mkwe asione. Leo kaona. Kaniuliza kama hicho ndicho cha kutuzika."

Mjomba hakuuliza ni mguu upi.

Gogo likipasuliwa lina rangi mbili: nje weupe, katikati wekundu. Weupe ndio ulio hai. Chembe zake hupandisha maji na kuweka akiba ya wanga. Mti ukinenepa, chembe za ndani huachwa mbali na gome. Kabla ya kufa hutumia wanga huo kutengeneza utomvu mchungu, mirija ikazibwa, weupe ukageuka kiini. Yaani kiini ni maiti iliyojipaka dawa yenyewe. Bungua, yule mdudu mtoboa mbao, akikionja anatema. Weupe kwake ni ghala lisilo na mlinzi.

Mjomba huwahubiria wateja habari hizi, watake wasitake. Lakini kiini kilimwishia kwenye mguu wa nne, harusi imeshafika mlangoni. Akachukua kipande chenye ukingo mweupe, akakipaka vanishi ya kahawia hadi kikafanana na wenzake. Kila mwenye macho alidanganyika. Bungua hakuja kuangalia rangi.

Mjomba alipofika kwa wakwe, binti alimvuta pembeni. "Sema tu ni hali ya hewa, baba. Nakuomba."

Mama mkwe alikuwa kasimama mlango wa chumbani, fagio mkononi.

"Mkwe," Mjomba akasema, "binti yangu si mchafu. Mguu huu nilijua ni mweupe, nikaupaka rangi."

Mama akamtazama, akautazama unga.

"Kwa hiyo hatuzikwi tena?"

"Mtazikwa, mkwe, msiwe na haraka. Miguu mitatu iko tayari."

Mama alicheka mpaka fagio likamponyoka. Kisha akashika upande wa pili wa kitanda, wakakiinua.

Mguu ule uliishia jikoni, chini ya sufuria. Mpya ni kiini kitupu, na Mjomba alikataa kuupaka chochote.

Aibu yote ile, na mguu mmoja wa kiini ni shilingi elfu kumi na nane tu.