Picha ya Jicho Lisilotulia

Niliondoka Butembo kwa sababu ya marehemu mama yangu. Katika miaka yake ya mwisho aliona kofia zetu na viatu vyetu, lakini nyuso hakuziona: ile sehemu ndogo ya katikati, nyuma ya jicho, itumikayo kusoma na kutambua watu, ilikuwa imechakaa. Mimi ni mwalimu wa nidhamu, mwenye miaka hamsini na minne. Bila vitabu sina kazi wala burudani. Niliposikia kwamba madaktari huko Goma wanachunguza watoto wa wagonjwa kama hao kwa picha za kina, ili waukute ugonjwa ungali mchanga, nilijiandikisha.

Alfajiri, kituo cha mabasi. Mke wangu, Mama Kavira, alianza kuzungumza kabla dereva hajawasha injini. Tulipofika Kanyabayonga alikwisha kuzijua ndoa na maradhi ya abiria wote. Nilimkumbusha kwamba kinywa kisichofungwa ni nyumba isiyo na mlango. Akanipa ndizi.

Siku ya pili jioni, mtaa wa Mabanga, Goma. Shemeji yangu Kambale alitupokea katika nyumba yake ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano.

“Karibu, mwalimu! Tuingie tu, ao tupange kwanza musitari?”

Nilimjibu kwamba mstari haujamuua mtu.

Asubuhi, kliniki; zamu yangu ilifika saa saba mchana. Mashine ilikuwa ya kuazima, nayo ingepakiwa saa nane mchana. Dokta Furaha, mwanamke kijana mwenye subira, alinielekeza: kidevu hapa, tazama msalaba wa kijani, usitikisike, kwani mashine huona vitu vidogo mno. Nikamweleza kwamba nimefundisha watoto kutulia kwa miaka ishirini na sita.

Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Nilikuwa bado namweleza.

“Papa, funga kinywa. Kidevu inacheza.”

Nilinyamaza kama kaburi. Ukungu tena.

“Muzee, sasa ni jicho inakimbia! Inaenda, inarudi, inaenda tena. Uko unasoma nini?”

Nilikiri kwamba nilikuwa nikikariri zaburi moyoni, na jicho, kwa mazoea, likafuata mistari.

“Basi wacha kusoma.”

“Siwezi,” nikasema, na hapo nikaogopa kweli. Ilikuwa saa saba na nusu. Wapakizi walisimama mlangoni na masanduku.

Mama Kavira akaingia bila kuitwa, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kidevu kikiwa bado kwenye mashine.

“Baba Kavira, kumbuka siku ulikuja kuniposa. Baba alikuuliza, ‘Unatafuta nini hapa?’ Ulijibu nini?”

Siku ile nilisimama mbele ya mzee yule na kamba ya mbuzi mkononi, maneno yote ya vitabuni yamenitoka. Mbuzi ndiye aliyejibu.

“Imepatikana!” Dokta Furaha akapiga makofi.

Kwenye kioo, sehemu ya nyuma ya jicho langu ilijaa chembe zilizojipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kati yake palikuwa na madoa matatu madogo ya manjano.

“Imeanza, papa, lakini ni mapema. Wacha tumbaku, kula lengalenga na majani mengine ya kijani, na kila mwaka tutapiga picha.”

“Yatanipofusha?”

“Hatujajua. Ndiyo maana tunayafuata.”

Tukarudi Butembo kwa njia ileile, na mbuzi yule akajulikana kwa basi zima. Sikumkemea msimulizi. Nimejifunza, ukubwani, kwamba mtu hujiamuru bure kutulia. Utulivu mwingine hutoka mikononi mwa mwenzake. Na kwenye kadi yangu ya mwaka ujao, penye nafasi ya mambo ya lazima, Dokta Furaha ameandika: Aje na mke.