Aliyegonga Bomba la Bafuni

Wiki mbili baada ya kumzika baba, alianza kugonga bomba la bafuni.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka.

Baba alikuwa fundi bomba. Alitusomesha watoto wanne kwa mikono yake miwili, na mdomo wake haukuchoka kuuliza. Akikutana na fundi saa, anataka ifunguliwe aone ndani. Akialikwa harusini, utamkuta nyuma ya nyumba anachunguza tangi la maji la watu.

"Siku moja utanifungua na mimi kifua uone moyo unavyodunda," mama alimtania.

"Ungekuwa na nati, ningeshakufungua."

Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliingia bafuni, akafungulia maji, akagonga bomba kwa spana. Mara tatu. Tukimuuliza, anasema, "Nalisalimia."

Tukazoea. Mzee ana mambo yake.

Akafa ghafla, akiwa kazini, spana mkononi. Moyo tu, ukasimama.

Sasa asubuhi hiyo, wageni wa msiba wameshaondoka na nyumba imetulia, napiga mswaki, nasikia:

Ngo. Ngo. Ngo.

Saa moja kamili.

Nilitoka mbio, povu mdomoni. Mama alikuwa koridoni, ameshikilia ukuta.

"Umesikia, mama?"

"Nasikia tangu juzi, mwanangu. Nilidhani nachanganyikiwa."

Ikawa kila siku. Mama akahamia bafuni. Anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anaongea na bomba.

"Watoto hawajambo, baba watoto. Mdogo kapata kazi."

Bomba linagonga, yeye anatabasamu huku machozi yanamtiririka. Chakula hagusi. Nguo zikaanza kumpwaya. Nikaona huyu naye anatuaga.

Siku moja alipotoka, nilichukua blanketi zito, nikalizungushia lile bomba, nikalikaza kwa kamba mpaka vidole vikaniuma.

Kesho yake, kimya. Kwa mbali sana nilisikia kama kitu. Nikaongeza sauti ya redio.

"Amekwenda," mama alisema. Hilo blanketi hata hakuliulizia. Siku hiyo alikula sahani nzima, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

Siku ya sita, gari la wagonjwa lilisimama mlangoni kwetu.

Chumba cha chini kabisa cha ghorofa letu, upande wa nyuma, aliishi mzee mmoja peke yake. Tulimwita Mzee Miwani. Miguu haikumbeba tena, kwa hiyo hakutoka nje, na sisi hatukuingia. Mpwa wake alimletea mahitaji kila Jumamosi. Jumamosi hiyo alimkuta sakafuni bafuni, kijiko mkononi. Alikuwa amelala pale siku mbili.

Nilisaidia kumbeba. Akanikodolea macho.

"Wewe si mtoto wa fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako kanikasirikia nini? Nagonga kila siku, hajibu."

Nusura nimwangushe.

Mpwa alinieleza kila kitu njiani kwenda hospitali. Miaka miwili nyuma, baba alikwenda kwa mzee kuziba bomba linalovuja. Akaanza maswali yake. Unaishi na nani? Ukianguka, nani atajua? Basi wakakubaliana: kila saa moja asubuhi mzee agonge mara tatu lile bomba linalopanda hadi bafuni kwetu, baba ajibu. Asiposikia, ashuke kumwangalia.

Jengo zima tulikwenda kuzika. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia mzee wa chini. Hata mpwa wake hakujua.

Nilimwambia mimi, pale kitandani hospitalini.

"Kumbe yeye ndiye aliyehitaji mtu wa kumwangalia," mzee akasema.

Alifariki siku ya nne. Daktari alisema angewahishwa, angepona.

Mwenzangu unayesoma, kitu kikikutisha, usikizibe. Shuka ukaulize ni nani. Baba yangu angeshuka siku ya kwanza, tena hata viatu asingevaa.

Mama hajui. Mpaka leo anaamini mumewe alikuja kumuaga. Juzi tukiwa mezani ameniuliza, "Unadhani kwa nini alinyamaza ghafla vile?"

Nikamwambia, "Alipumzika, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chakula.